Gemu ya bure, miwani ya ghali: nani anamchezea mwenzake?

Mpenzi msomaji, kila likizo za shule zinapofika, maswali huwa ni yale yale kutoka Nyeri hadi Nanyuki, kutoka Karatina hadi Embu na Meru. Vijana wanataka kujua kama wakati umewadia wa kununua ile miwani ya uhalisia pepe, ambayo wengi huiita VR tu. Wazazi nao wanauliza ni gemu gani hiyo ya simu ambayo mtoto hawezi kuiweka chini hata chai ikipoa mezani. Mimi ni mchezaji wa siku nyingi, na leo nitayajibu maswali haya mawili kwa pamoja, kwa maana naona jibu lake ni moja.

Jibu lenyewe ni kwamba kabla ya kuipenda gemu au kifaa, tazama kinakudai nini. Kuna gemu inayokudai akili, na kuna gemu inayokudai subira na shilingi. Ya kwanza ni mchezo. Ya pili ni duka lililovaa nguo za mchezo. Tatizo ni kwamba kwenye skrini zote mbili hupendeza sawasawa, na asiyejua kuzitenganisha ndiye anayelipa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Tuanze na miwani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na miwani hii imeundwa kwa miaka mingi kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1968 mwanasayansi wa Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonyesha maumbo yaliyochorwa na kompyuta. Kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe kutoka darini. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Virtual Boy, iliyoonyesha picha za rangi nyekundu na nyeusi tu. Wachezaji walilalamika kuumwa na kichwa, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni.

Enzi yetu hii ilianza mwaka 2012, wakati kijana Mmarekani wa miaka 19, Palmer Luckey, alipochangisha pesa kutoka kwa umma ili aunde miwani aliyoiita Oculus Rift. Machi 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2. Tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila mtu kutuambia kwamba mwaka ujao kila nyumba itakuwa na miwani yake.

Inafanyaje kazi? Ndani mna skrini na lenzi mbili. Kila jicho huonyeshwa picha inayotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo huziunganisha ukaona kina na umbali, kama unavyoliona bonde la Mto Chania ukiwa umesimama ukingoni hapo Nyeri. Vihisi hupima kila mgeuko wa kichwa, na kompyuta hulazimika kuichora picha upya mara 72, 90 au hata 120 kwa sekunde moja. Hata hivyo, gemu ikikukimbiza wakati umekaa kitini, tumbo hukujulisha. Macho yanauambia ubongo kwamba unakwenda mbio, lakini sikio la ndani, lenye kazi ya kulinda mizani ya mwili, linasema umekaa kitako. Ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu. Abiria anayesoma gazeti ndani ya matatu kwenye barabara ya kona nyingi anaujua vizuri.

Nimeivaa miwani hii mara kadhaa na kwa kweli inashangaza. Mtu mzima anainua mikono kujikinga na kitu kisichokuwepo huku jamaa zake wakicheka hadi machozi. Lakini baada ya nusu saa shingo huanza kudai haki yake. Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023, ina uzito wa gramu 515. Ni kama kufungiwa usoni pakiti ya nusu kilo ya sukari.

Bei iko nyuma ya bei

Sasa tuje kwenye pesa. Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa bei ya Marekani ya dola 299. Quest 3 ilipotoka ilikuwa dola 499. Vision Pro ya Apple iliingia sokoni Februari 2024 kwa dola 3,499. Tukihesabu kwa Sh130 kwa dola, hizo ni takriban Sh39,000, Sh65,000 na Sh455,000. Na hapo hatujataja usafiri, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 wala faida ya muuzaji. Wengi huipata kupitia jamaa aliye ng'ambo au maduka ya Nairobi yanayoagiza kutoka nje. Maana yake ni kwamba ikiharibika, fundi wa Karatina aliyezoea kubadilisha vioo vya simu atakutazama kwa huruma.

Kuna bei ya pili ambayo haiandikwi kwenye kasha, nayo ni umri wa kifaa. Gear VR ya Samsung, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, ilihitaji simu maalumu za kampuni hiyo na leo imekufa. Oculus Go ya 2018 iliacha kuuzwa mwaka 2020. Quest ya kwanza, ya mwaka 2019, ilifikia mwisho wa kupata masahihisho ya usalama mwaka 2024. Kwa hivyo mtu akikuletea miwani iliyotumika kwa bei ya kutupa, usishangilie upesi. Muulize ni toleo lipi, na kama waliolitengeneza bado wanalihudumia.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Nyeri ya mwezi Julai kila mtu anaijua. Ukiivaa miwani iliyolala kwenye baridi, joto la uso hufanya lenzi zishike ukungu, na badala ya kuona sayari nyingine unaona mvuke wako mwenyewe. Iache ipate joto la chumba kwanza. Jua likitoka, usiiweke dirishani ikiwa imetazama nje, kwa sababu lenzi zile hukusanya miale kama kioo cha kukuzia na kuichoma skrini iliyo ndani. Doa hilo halitoki.

Kwa watoto wadogo, mwenye kampuni mwenyewe ameweka mpaka. Meta, jina jipya la Facebook, hairuhusu Quest kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, na kuanzia 10 hadi 12 ni lazima mzazi aifungue na kuisimamia akaunti. Kama mtengenezaji anasema hivyo, mzazi asijifanye mkarimu kumzidi.

Anayetaka kuonja bila kufilisika anaweza kuanza na katoni. Mwezi Juni 2014 Google walionyesha Cardboard, miwani ya karatasi ngumu yenye lenzi mbili ambayo simu huchomekwa mbele yake. Waliacha kuiuza mwaka 2021, lakini mchoro wake ulikuwa umeachwa wazi kwa kila mtu, na mwanafunzi mwenye mkasi, gundi na lenzi mbili anaweza kujitengenezea. Angalia tu kama simu yako ina kihisi kiitwacho jairoskopu. Simu nyingi za bei nafuu hazina, na bila hicho picha haitafuata kichwa chako.

Duka lililovaa nguo za mchezo

Baada ya kusema hayo yote, ukweli ni kwamba uwanja wetu mkubwa wa michezo uko mfukoni. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Karatina, Chuka, Embu na Kirinyaga wana simu, na katika simu hizo gemu za mikakati zina wapenzi wengi. Hizo ni gemu za kujenga mji, kukusanya mali, kuunda jeshi na kumzidi adui kwa mpango wala si kwa wepesi wa vidole.

Chukua mfano wa Clash of Clans, iliyotolewa na kampuni ya Supercell ya Finland mwaka 2012 kwa simu za iPhone na mwaka 2013 kwa simu za Android. Kuipakua ni bure. Unapewa kijiji, unajenga kuta, unavamia vijiji vya wenzako, na unaweza kujiunga na ukoo wenye watu hadi 50. Mwanzoni kila kitu ni chapuchapu. Jengo linakamilika kwa sekunde, kisha kwa dakika, na unajiona jemadari. Kadiri unavyopanda, jengo linaanza kukudai saa, halafu siku. Hapo ndipo almasi za kijani zinapokukonyeza. Lipa almasi, jengo limekwisha sasa hivi.

Almasi hizo huuzwa kwa pesa halisi, kuanzia karibu dola moja hadi paketi za karibu dola 100, yaani Sh13,000 hivi. Malipo ya Play Store hapa kwetu yanaweza kupitia M-Pesa, kwa hivyo kati ya hamu na ununuzi hakuna hata safari ya kwenda dukani. Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia kibaba ni cha nani. Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na kampuni ya Tencent ya China lilikubali kununua zaidi ya asilimia 80 ya Supercell kwa takriban dola bilioni 8.6. Kampuni inayogawa bure haifikii thamani hiyo kwa ukarimu.

Nisiwaonee. Gemu hiyo ina akili nyingi ndani yake, na ukoo uliopanga vita vizuri hufurahisha kama timu ya mpira. Mnamo Machi 2025 Supercell waliondoa muda wa kungoja wanajeshi wafunzwe, na wachezaji tukashangilia. Lakini majengo bado yanangojewa, na kungoja huko ndiko kunakouzwa.

Hapa ndipo nataka tuwe waangalifu, mpenzi msomaji. Kila mchezo wa mikakati hujengwa juu ya upungufu. Ukiwa na kila kitu huna haja ya mpango. Lakini upungufu ni wa aina mbili. Kuna ule unaoweza kuuzunguka kwa akili, na kuna ule unaozungukwa kwa pesa tu. Ili tuuone tofauti yake, tuiweke simu chini kidogo twende Nanyuki ya mwaka 1943, ambako ulichezwa mchezo mmoja wa mikakati usio na skrini.

Wafungwa watatu na mkebe wa nyama

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliweka kambi ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano hapo Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alichoshwa na siku zisizo na kazi wala matumaini. Siku moja mawingu yakafunguka, akauona mlima. Akakata shauri: atatoroka, ataupanda, kisha atarudi kambini kwa miguu yake mwenyewe. Akawapata wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti.

Hawakuwa na ramani. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima kwenye karatasi iliyobandikwa mkebe wa nyama. Vyuma vya kukanyagia barafu walivifua kutoka kwa vyuma chakavu, shoka za barafu wakazitengeneza kwa nyundo, na kamba wakazipata kwenye nyavu za vitanda vyao. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kutoka kwa mgao wao, miezi kadhaa.

Mwishoni mwa Januari wakatoka. Barsotti aliugua akabaki kwenye kituo chao mlimani. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian, kilele kikuu cha mita 5,199, na mlima ukawakatalia. Hawakulia. Walibadilisha mpango, wakapanda Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera. Baada ya siku 18 walirudi Nanyuki na kujisalimisha kama walivyoahidiana.

Tazama upungufu wao. Kamba hakuna, lakini kitanda kipo. Ramani hakuna, lakini mkebe upo. Kila ukuta ulikuwa na mlango uliofunguka kwa kufikiri. Sasa fikiria mlinzi angewaambia, "Nilipeni kidogo, niwaruke hadi kileleni." Wangefika upesi sana, na leo kusingekuwa na mtu anayewakumbuka. Ukiona gemu inakuwekea ukuta, jiulize kama ni ukuta wa Benuzzi au ukuta wa mlinzi. Jengo linaposema siku nne, ukiacha zawadi chache utakazoangushiwa njiani, una njia mbili tu: ngoja au lipa. Hapo hakuna mkakati, kuna karani wa duka.

Maswali matatu ya kuipima gemu

Kutokana na hayo, nina maswali matatu ambayo mchezaji au mzazi anaweza kuiuliza gemu yoyote.

La kwanza: nikishindwa, naweza kuonyesha kosa langu lilikuwa wapi? Pima kwa giuthi, ule mchezo wa Wagikuyu wa mashimo na mbegu, ndugu wa ajua ya Wajaluo. Pima pia kwa bao la Waswahili lenye mashimo 32 na kete 64. Humo hamna dadu wala bahati. Kila kete iko mbele ya macho ya wote wawili, na mzee akikushinda anaweza kukurudishia kete na kukuonyesha ulipopotea. Huo ni mkakati halisi.

La pili: kuna kikwazo ambacho pesa pekee ndizo hukiondoa? Kama kipo, jua umeingia dukani. Waweza kununua ukipenda, lakini nunua ukijua unanunua.

La tatu: naweza kuifunga leo na kuikuta kesho kama nilivyoiacha? Gemu inayokuadhibu kwa kwenda kulala, inayokutumia ujumbe usiku kwamba kijiji chako kinavamiwa, imekuajiri bila mshahara.

Ukitaka mfano wa gemu ya simu inayofaulu yote matatu, jaribu The Battle of Polytopia ya Midjiwan, kampuni ndogo ya Uswidi, iliyotoka mwaka 2016. Ni ya zamu kwa zamu, haili bando ukicheza peke yako, na haina almasi wala saa ya kungoja. Makabila machache ni bure, na mengine unanunua mara moja yakawa yako. Sataranji ya simu pia inafaulu, na dada wa kidato cha pili anaweza kumfundisha kaka wa chuo kikuu adabu.

Kwa upande mwingine, ule mchezo wa kindege kinachopaa na kukatika ghafla, unaochezwa kwa pesa kwenye simu za vijana wengi, unaanguka kwenye swali la kwanza kabisa. Ukishindwa hakuna kosa la kurekebisha, kwa sababu hukuwa unacheza. Hiyo ni kamari, na sheria yetu inaikataza kwa aliye chini ya miaka 18. Wazazi wengi huichanganya na gemu za mikakati, wakapiga marufuku vyote au wakaruhusu vyote. Mtoto anayepanga vita vya kijiji chake na mtoto anayetega pesa za karo kwenye kindege hawafanyi jambo moja.

Neno kwa wazazi na wanafunzi

Mzazi, fanya mambo mawili wiki hii. Fungua mpangilio wa Play Store kwenye simu anayotumia mtoto na uweke uthibitisho kwa kila ununuzi. Pili, namba ya siri ya M-Pesa isiwe mali ya familia nzima. Baada ya hapo kaa naye, mwambie akufundishe gemu yake, na uiulize yale maswali matatu mbele yake. Utajua mengi kwa dakika kumi kuliko kwa kelele za mwezi mzima.

Wala usiogope kila kitu. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa uraibu wa gemu katika orodha yake iliyoidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, lakini liliueleza kwa uangalifu. Ni pale mtu anaposhindwa kujizuia, gemu ikatangulia mambo mengine yote, na akaendelea hata anapoumia, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kijana anayecheza saa mbili Jumamosi baada ya kazi za nyumbani si mgonjwa. Anayeacha kula, kulala na kwenda darasani anahitaji msaada, na kumnyang'anya simu pekee si tiba.

Mwanafunzi, nawe nikwambie wazi. Pesa za HELB si pesa za miwani wala za almasi. Ukiitamani VR, ungana na wenzako wanane au kumi, mnunue moja ambayo bado inahudumiwa, muicheze kwa zamu na kufuta lenzi na sponji kila mmoja anapomaliza. Hivyo ndivyo vyumba vya gemu vya mitaani vilivyotulea kwenye PlayStation: kifaa kimoja, benchi refu, na kila mtu akingoja zamu yake. Jambo la kuchekesha ni kwamba moja ya gemu za VR zinazosifiwa, Demeo ya mwaka 2021, huwaketisha watu hadi wanne kuzunguka ubao wa mchezo. Teknolojia yote hiyo imetumika kuturudisha kwenye baraza la wacheza bao!

Tusibaki kuchezewa

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Watu wetu wameonyesha kwamba wanaweza kuunda. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ya picha za pande tatu, na mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alituletea Nairobi X. Kampuni ya Black Rhino VR ya Nairobi imekuwa ikitengeneza kazi za uhalisia pepe hapa hapa nchini.

Na Nyeri je? Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na chipu, zile punje zilizo moyo wa kila simu na kila miwani. Mwezi Mei 2024 Marekani ilitangaza kuisaidia kwa dola milioni 1.3 kupitia shirika lake la USTDA. Sisemi kwamba miwani ya VR itatoka Nyeri kesho. Nasema kwamba kijana wa Nyeri hana sababu ya kuiona kama uchawi wa mbali.

Kuna kazi inayongoja mikono. Maelfu ya watoto wetu huuona Mlima Kenya kila asubuhi mawingu yakiruhusu, lakini hawajafika hata lango la Naro Moru. Nyanya wa Mukurwe-ini ambaye magoti yamemkataa hataiona Lenana kwa macho yake. Kamera ya kupiga picha pande zote na katoni za kujitengenezea zingeweza kuwapandisha wote wawili bila kuondoka kitini, wala si kwa kusubiri kampuni ya California itukumbuke. Na giuthi ya simu iliyoundwa vizuri, yenye mwalimu wa kukuonyesha ulipokosea, ingefaa kuchezwa kwenye matatu kutoka Chaka hadi mjini bila kula bando hata kidogo. Klabu moja ya kompyuta katika shule moja ya upili inaweza kuianza muhula ujao.

Wacheza bao wana neno mtaji. Ukiwa na mtaji, unaweza kula kete za mwenzako. Usipokuwa nao, unasogeza kete zako tu huku ukiomba asikuone. Mtaji wa mchezaji wa leo ni akili yake na wakati wake, na kuna watu werevu sana wanaoutaka. Cheza, mpenzi msomaji, na ufurahi. Hakikisha tu kwamba mchezo ukiisha, mtaji bado uko upande wako wa ubao.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.